Kiwiko cha Fundi: Mwongozo wa Kano Iliyochakaa, Kabla na Baada ya Upasuaji

Ukitoka Majengo, Nairobi, asubuhi na kushuka upande wa Gikomba, utaisikia Kamukunji ya mafundi wa mabati kabla hujaiona. Sanduku la mwanafunzi wa bweni, sufuria, karai, bati la jiko, wilbaro: vyote hutoka kwenye nyundo inayopanda na kushuka mikononi mwa mtu, pigo baada ya pigo, kutwa nzima. Mkono huo ndio duka lake, ndio kodi ya nyumba, ndio karo ya watoto. Siku kiwiko kinapoanza kuuma, fundi hununua dawa ya maumivu, anafunga kitambaa na kuendelea. Baada ya mwaka hawezi kuinua birika la chai.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyefika hapo au unayeelekea hapo. Ni wa fundi wa mabati, mama anayekanda unga wa chapati, dobi, fundi cherehani na msukuma mkokoteni. Unamfaa pia kijana anayekwea miamba ya Lukenya na Hell's Gate mwisho wa wiki, kwa kuwa kano inayomuuma mkwezi kwa kujivuta juu ni jirani wa ile inayomuuma fundi kwa kupiga nyundo, na zinatibiwa kwa namna moja.

Shika jambo hili tangu mwanzo: kano hupona kwa kupewa kazi iliyopimwa. Kupumzika tu hakuiponyi, sindano haiiponyi, na hata kisu kikipita, kazi ya kuiponya hubaki kwako.

## Kwanza elewa: ni nini kinachouma?

Kunja ngumi ya mkono wa kulia kwa nguvu. Kwa vidole vya kushoto, shika msuli wa nje wa mkono huo, chini kidogo ya kiwiko. Umeona ulivyokuwa mgumu? Vidole vinavyokunja ngumi vinavutwa na misuli ya ndani, lakini misuli ya nje lazima ikaze ili kifundo cha mkono kisilegee. Kila unaposhika mpini, misuli hiyo inafanya kazi hata kama huisikii.

Misuli hiyo ya nje imejishikiza kwa kano kwenye kinundu kidogo cha mfupa upande wa nje wa kiwiko. Ile ya ndani imejishikiza kwenye kinundu cha upande wa ndani. Kano ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na damu inayoifikia ni kidogo, kwa hiyo hujirekebisha taratibu. Ukiitumikisha kuliko inavyoweza kujirekebisha, nyuzi huanza kuchakaa na kupoteza mpangilio.

Kuchakaa huko ndiyo sababu dawa za kushusha uvimbe hazimalizi tatizo. Ugonjwa ukishakuwa wa miezi mingi, uvimbe si kiini chake tena. Dawa hufifisha maumivu, nawe unarudi kugonga juu ya kano ileile.

Madaktari huuita ugonjwa wa upande wa nje kiwiko cha wachezaji tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 35 na 55, na mara nyingi kwenye mkono unaotumika sana.

## Jipime nyumbani

1. Bonyeza kinundu cha nje cha kiwiko kwa kidole gumba. Je, maumivu yako hasa yako hapo?
2. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Inua kiganja juu huku mwenzio akikisukuma chini. Maumivu kwenye kinundu cha nje yanaelekeza kwenye kano ya nje.
3. Geuza kiganja kitazame juu. Kunja kifundo cha mkono kuelekea kwako huku mwenzio akikizuia. Maumivu ya kinundu cha ndani yanaelekeza kwenye kano ya ndani, ile inayowasumbua sana wakwea miamba.
4. Inua kiti cha plastiki kwa kushika mgongo wake, mkono umenyooka, kiganja chini. Mwenye kano mbovu ya nje kwa kawaida hukiachilia.

Vipimo hivi vinakuonyesha pa kuanzia. Havichukui nafasi ya daktari.

> USINGOJE: nenda hospitali ukiona haya
>
> - Ulisikia kitu kikikatika ghafla, mkono ukavimba na kupata rangi ya damu iliyovilia. Kano iliyokatika kabisa hushonwa vizuri zaidi katika wiki 2 au 3 za kwanza.
> - Kiwiko kimekuwa chekundu, kina joto, na una homa.
> - Kidole cha pete na kidole kidogo vimekufa ganzi, au huwezi kuinua kifundo cha mkono.
> - Kiwiko kimekwama, hakikunjiki wala hakinyooki.
> - Maumivu yanaanzia shingoni, au yanakuamsha usiku hata siku ambazo hukufanya kazi.
> - Mkono unauma pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi. Huo huenda ukawa moyo. Nenda saa hiyohiyo.

## Miezi mitatu ya kwanza: jaribu haya kabla ya kuwaza kisu

Wagonjwa wengi, takribani wanane au tisa kati ya kumi, hupata nafuu bila kupasuliwa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo mpango huu ndio tiba yenyewe. Usiuchukulie kama njia ya kungojea zamu ya upasuaji.

Hatua ya 1: Punguza mzigo bila kuacha kazi yote. Mkono uliowekwa tu bila kazi unazidi kudhoofika. Kwa wiki mbili, mwachie mwenzako kukata mabati mazito na kukunja kingo, wewe ushike kupima, kupaka rangi na kuuza. Inua vitu kiganja kikitazama juu, karibu na mwili.

Hatua ya 2: Kaza bila kusogeza (wiki ya 1 na 2). Laza mkono mezani, kiganja chini, kitanga kikitokeza ukingoni. Kwa mkono mwingine, bonyeza mgongo wa kitanga chini huku kile kinachouma kikikataa kushuka. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku.

Hatua ya 3: Chupa ya maji (kuanzia wiki ya 3). Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa nusu kilo hivi. Mkono ukiwa mezani vilevile, shika chupa, iinue kwa msaada wa mkono usiouma, kisha ishushe kwa mkono unaouma peke yake, polepole, ukihesabu moja hadi nne. Mara 15, pumzika, na urudie mpaka utimize awamu 3. Ikizoeleka, hamia chupa ya lita moja, kisha ya lita moja na nusu. Kwa kano ya ndani, fanya hivyohivyo kiganja kikitazama juu.

Hatua ya 4: Nyundo yenyewe iwe dawa (kuanzia wiki ya 6). Keti, kiwiko kimekunjwa ubavuni. Shika mpini wa nyundo karibu kabisa na kichwa, nyundo ikiwa imesimama. Igeuze polepole mpaka kiganja kitazame juu, kisha mpaka kitazame chini. Mara 10, awamu 3. Kila wiki sogeza mkono kidogo kuelekea mwisho wa mpini. Kadiri unavyokwenda mbali na kichwa ndivyo nyundo inavyokuwa nzito, bila kununua chochote.

Hatua ya 5: Usisahau bega. Bega likilegea, kiwiko hubeba kazi ya wawili. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume na kurudi mara 15.

> KANUNI YA KESHO ASUBUHI
>
> Yape maumivu yako alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, alama 3 au 4 zinavumilika. Kesho yake asubuhi, kunja ngumi. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa jana kabla ya zoezi, endelea. Kama yamezidi, punguza uzito au idadi, lakini usiache kabisa.

Mkanda wa kiwiko unaweza kusaidia wakati wa kazi. Ufunge chini ya kinundu kwa upana wa vidole viwili au vitatu, juu ya msuli. Usiufunge juu ya kinundu chenyewe, na uutoe unapolala.

## Sindano na vidonge: soma kabla hujanyoosha mkono

Sindano ya steroidi. Ndani ya wiki chache utajiona umepona, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 165 waliofuatiliwa mwaka mzima. Zaidi ya nusu ya waliodungwa steroidi, maumivu yaliwarudia. Kati ya waliodungwa maji ya chumvi tu, yalimrudia takribani mmoja kati ya wanane. Anayekuahidi kukuponya kwa sindano moja, muulize hali yako itakuwaje mwakani. Mtu aliyedungwa mara nyingi kiwiko kilekile anaweza pia kudhoofika kano na kupauka ngozi.

Dawa za maumivu. Diclofenac na ibuprofen zikimezwa kila siku kwa miezi zinaweza kuharibu tumbo na figo. Zitumie siku chache na ule kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asizimeze bila kumwona daktari.

Vidonge vya kuchanganyiwa. Usipokee dawa iliyofungwa kwenye karatasi bila jina. Uliza inaitwaje.

Ciprofloxacin. Wengi huinunua dukani kwa tumbo au mkojo. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka dawa za kundi hili zibebe onyo kali kwamba zinaweza kudhuru kano hata kuikata. Ukiwa na kano mbovu, mwambie mhudumu kabla hajakupa.

Kukandwa. Kukanda msuli wa mkono kwa upole kunaburudisha. Kuvutwa kiungo kwa nguvu au kusuguliwa kinundu mpaka ulie kunazidisha jeraha.

## Ni lini upasuaji unafaa?

Zungumza na daktari wa mifupa ikiwa majibu yako yote hapa ni ndiyo:

- ☐ Nimeumwa kwa zaidi ya miezi 6, na hasa ikielekea 12.
- ☐ Nimefanya mazoezi kwa mpango, kwa angalau miezi 3, bila kuruka wiki.
- ☐ Nimebadilisha namna ninavyofanya kazi.
- ☐ Nimepigwa altrasaundi au picha nyingine inayoonyesha kano imechakaa, na shingo na mishipa ya fahamu imechunguzwa.
- ☐ Maumivu yananizuia kufanya kazi au kulala.
- ☐ Ninaweza kukaa miezi kadhaa bila kazi nzito.

Kinachofanyika. Mkono hutiwa ganzi, au wewe mwenyewe unalazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hupasua sentimita chache juu ya kinundu, anaondoa sehemu ya kano iliyokufa, anakwangua mfupa kidogo ili damu ifike, na akiona haja anaishikiza kano upya kwenye mfupa. Wengine hupitia matundu madogo kwa kamera. Mara nyingi upasuaji haufiki saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Faida na mipaka yake. Ripoti nyingi husema wagonjwa wanane hadi tisa kati ya kumi hupata nafuu. Lakini mwaka 2018 madaktari wa Sydney walichapisha jaribio dogo: nusu ya wagonjwa walipasuliwa ngozi tu, kano haikuguswa, na bado walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliokatwa kano. Pengine ni muda, mapumziko na mazoezi ya baadaye yaliyofanya kazi kubwa. Ndiyo maana nasema usiende kwa kisu kabla ya kuyapa mazoezi haki yake.

Madhara yanayoweza kutokea. Jeraha kuoza, kiwiko kukakamaa, mshipa wa fahamu kuguswa (kwa kano ya ndani, ule wa kidole kidogo uko jirani sana), kiungo kulegea, au maumivu kubaki palepale.

### Maswali ya kumuuliza daktari

1. Una hakika gani kwamba ni kano, na si shingo au mshipa wa fahamu?
2. Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na wagonjwa wako walirudi kazini baada ya muda gani?
3. Kano itashikizwa upya mfupani? Kama ndiyo, mkono utalindwa kwa wiki ngapi?
4. Nani atanisimamia mazoezi, na gharama yake iko ndani ya malipo haya?

## Jiandae: wapi, pesa, na nani atashika nyundo

Anzia karibu. Nenda kwanza zahanati au kituo cha afya cha mtaani, uandikiwe barua ya rufaa. Hospitali ya Pumwani iko hatua chache kutoka kwako, lakini ni ya uzazi, kiwiko hakitibiwi pale. Barua yako inaweza kukupeleka hospitali ya Mama Lucy Kibaki, Mbagathi au Kenyatta. Nje kidogo ya jiji, hospitali ya PCEA Kikuyu nayo ina kitengo kinachojulikana cha mifupa.

Bima. Tangu 1 Oktoba 2024, SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF. Jisajili kwa *147#. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kamilisha malipo mapema, kisha uulize hospitalini kwa maandishi: bima inalipa nini na mimi nitaongeza ngapi? Uliza pia kuhusu fiziotherapia, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

Kipato. Piga hesabu ya miezi minne bila nyundo kabla ya kukubali tarehe. Zungumza na chama chako kuhusu zamu yako. Kubaliana na mwenzako wa kibanda: yeye agonge, wewe utafute wateja, mgawane. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na deni la simu hurudi kazini wiki ya tatu na kuharibu kila kitu.

Ukiwa umeajiriwa, mwarifu mwajiri kwa maandishi na utunze nakala. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inawalinda waajiriwa, na karatasi ndiyo shahidi wako.

Mwili wako. Acha sigara wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu zinachelewesha kidonda na kano kupona. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia. Kama unatafuna miraa au muguka, mwambie wazi daktari wa usingizi, maana huchangamsha moyo. Fuata saa ulizoambiwa usile wala usinywe.

## Baada ya upasuaji: kalenda ya mkono

Maagizo ya daktari wako yanatangulia kalenda hii, hasa kama kano ilishikizwa upya.

1. Siku ya 1 hadi 3. Mkono ukae juu ya mto, juu kuliko moyo. Kunja na kunjua vidole kila saa. Bega nalo lizungushwe.
2. Mpaka siku ya 10 hadi 14. Bendeji iwe kavu na safi. Kwa anayeswali, wakati wa kutawadha sehemu iliyofungwa hupanguswa juu ya bendeji kwa mkono wenye unyevu kidogo tu, bila kuilowesha, na unaweza kuswali ukiwa umeketi ili usiegemee mkono. Muulize imamu wako akuelekeze. Nyuzi hutolewa mwisho wa kipindi hiki.
3. Wiki ya 2 hadi 6. Kunja na nyoosha kiwiko taratibu mara kadhaa kwa siku, bila uzito. Kitu kizito kuliko vyote utakachoinua ni kikombe cha chai.
4. Wiki ya 6 hadi 12. Rudi Hatua ya 2, kisha ya 3 na ya 4. Anza na chupa ya nusu lita hata kama unajiona una nguvu.
5. Mwezi wa 3 hadi wa 4. Nyundo nyepesi, dakika 15 hadi 30, siku moja kazi na siku moja pumzika. Mkwea miamba aanze na kuta rahisi zenye mishiko mikubwa.
6. Mwezi wa 4 hadi wa 6. Ongeza muda kwanza, uzito baadaye. Wengine huhitaji hadi mwaka kabla ya nguvu zote kurudi.

> RUDI HOSPITALI USIKU HUOHUO ukiona vidole vimekuwa vya bluu au baridi, ganzi inazidi, bendeji inabana bila kuvumilika, usaha unatoka, una homa, au huwezi kuinua vidole na kifundo cha mkono.

## Makosa yanayorudisha watu nyuma

- Kuacha mazoezi maumivu yanapopungua. Maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi. Ongeza angalau wiki 6.
- Kurudi kazini kwa sababu kidonda kimefunga. Ngozi hupona kwa wiki mbili. Kano iliyo chini yake ndiyo kwanza imeanza.
- Kufanya mazoezi mengi siku moja ili kufidia juma zima. Kano haifidiwi.
- Kurudi kwenye nyundo ileile, mpini uleule, kibanda kilekile.

## Tengeneza upya kazi yako

Mtazame fundi anayepinda kona ya sanduku. Amechuchumaa, bati liko chini juu ya kipande cha reli, kiganja kinatazama chini, mpini mwembamba wa nyundo umebanwa kwa nguvu zote. Pigo likitua, mtikiso wote unapita kwenye kifundo na kuishia kwenye kinundu cha nje. Hesabu mapigo ya sanduku moja tu, utaelewa.

- ☐ Inua fuawe ifike karibu na usawa wa kiuno, ili kiwiko kikae kimekunjwa ubavuni.
- ☐ Nenepesha mpini mwembamba kwa kuuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mpini unaojaza kiganja haukulazimishi kubana.
- ☐ Kaza kichwa cha nyundo kinachocheza.
- ☐ Chagua nyundo nyepesi inayotosha kazi, na uiache idondoke kwa uzito wake badala ya kuisukuma.
- ☐ Badilisha kazi kila nusu saa: gonga, pima, kata, paka rangi.
- ☐ Zoeza mkono wa pili kazi nyepesi.
- ☐ Mfundishe haya kijana unayemlea kazini, kabla kiwiko chake hakijaanza kusema.

Leo jioni, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Jipime kwa vile vipimo vinne na uandike alama zako kwenye kalenda ya ukutani. Kisha jaza maji chupa ya nusu lita na uiweke karibu na kitanda, ikungoje wiki ya tatu. Kesho asubuhi kunja ngumi, usikilize kiwiko, uandike tena. Daktari atakapokuuliza mwezi wa sita kama umejaribu kila kitu, utamwekea kalenda hiyo mezani.